Baada ya Kidonda Kupona: Funzo kutoka kwa Mkimbiaji Jonnie Peacock

Usiku wa tarehe 6 Septemba 2012, katika Uwanja wa Olimpiki wa London, watu wapatao 80,000 walikuwa wakilitaja kwa pamoja jina la kijana wa miaka 19. Kijana huyo, Jonnie Peacock, alikuwa kwenye mstari wa kuanzia fainali ya mbio za mita 100 za Michezo ya Paralimpiki. Kelele zilipozidi, aliweka kidole mdomoni kuwaomba watulie. Uwanja ukanyamaza, bunduki ikalia, na baada ya sekunde 10.90 Peacock akawa bingwa. Aliyekuwa akiutetea ubingwa huo tangu Beijing 2008, Oscar Pistorius wa Afrika Kusini, alimaliza wa nne.

Mguu wa kulia wa Peacock ulikatwa chini ya goti alipokuwa na umri wa miaka 5. Watazamaji wa usiku ule waliona mbio zisizofika hata sekunde 11. Nyuma ya sekunde hizo ilikuwapo miaka 14 ya matibabu, kigutu kinachotunzwa kila siku, miguu bandia iliyobadilishwa mtoto alipokuwa akikua, na jibu moja alilopewa hospitalini pale alipouliza jambo ambalo halikuwa ugonjwa. Makala haya yanafuatilia safari hiyo kwa jicho la tiba, ili kuonyesha kwamba kwa mtu aliyekatwa kiungo, kupona kwa kidonda ni mwanzo wa huduma wala si mwisho wake.

Ugonjwa uliouchukua mguu

Peacock alizaliwa Cambridge, Uingereza, tarehe 28 Mei 1993. Ugonjwa uliompata utotoni ulisababishwa na bakteria wa meningokoka. Bakteria hawa wanajulikana zaidi kwa kuleta homa ya uti wa mgongo, yaani uvimbe wa tando zinazoufunika ubongo na uti wa mgongo. Lakini wanaweza pia kuingia katika damu na kuzaana humo kwa kasi kubwa. Hapo mgonjwa hupata sumu ya damu, hali ambayo inaweza kumwua katika muda wa saa chache.

Namna bakteria katika damu wanavyoweza kusababisha mtu kukatwa mguu ni jambo linalostahili kueleweka. Sumu yao huharibu kuta za mishipa midogo ya damu. Damu huvujia chini ya ngozi, na wakati huohuo huganda ndani ya mishipa ambamo ilipaswa kupita. Shinikizo la damu nalo hushuka, na mwili huipeleka damu iliyobaki kwenye moyo na ubongo. Vidole, nyayo na miguu hukosa damu na hewa ya oksijeni, na nyama zake hufa. Nyama iliyokufa haiwezi kuhuishwa kwa dawa. Daktari wa upasuaji huiondoa ili kuokoa uhai na kuhifadhi sehemu iliyo hai.

Dalili za mwanzo hufanana na za magonjwa mengine: homa, kichwa kuuma, kutapika, uchovu na maumivu ya viungo. Mikono na miguu inaweza kuwa baridi ilhali mwili una joto kali. Shingo kukakamaa na macho kuogopa mwanga ni dalili za homa ya uti wa mgongo, lakini mtoto mwenye sumu ya damu anaweza asiwe nazo. Dalili ya kutisha ni madoa mekundu au ya zambarau ambayo hayafifii ngozi inapobonyezwa kwa bilauri ya kioo. Kwenye ngozi nyeusi madoa haya ni magumu kuonekana, hivyo yatafutwe kwenye viganja, nyayo, ndani ya kope na kinywani. Hata hivyo, madoa huweza kuchelewa au yasitokee kabisa. Mtoto anayezidi kudhoofika kwa haraka apelekwe hospitali bila kuyasubiri.

Katika maeneo ya Afrika Mashariki homa hudhaniwa mara nyingi kuwa malaria. Kipimo cha malaria ni cha lazima, lakini jibu lake, hata likionyesha vimelea, halimwondolei mhudumu wajibu wa kuitazama ngozi, kupima mapigo ya moyo na upumuaji, na kuangalia kama mtoto ana fahamu kamili. Pale sumu ya damu inaposhukiwa, dawa ya kuua bakteria kwa njia ya sindano, kama vile seftriaksoni, hutolewa mapema iwezekanavyo, pamoja na huduma nyingine za dharura. Watu waliokaa karibu na mgonjwa nao hupewa dawa ya kinga kwa maelekezo ya mhudumu wa afya.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu 6 wanaopata homa ya uti wa mgongo itokanayo na bakteria, mmoja hufa, na kati ya watu 5, mmoja hubaki na madhara makubwa. Madhara hayo ni pamoja na uziwi, kifafa, ulemavu wa akili na kupoteza viungo. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimo katika orodha ya nchi 26 za Afrika ambazo shirika hilo linaziweka katika ukanda mpana wa ugonjwa huu. Chanjo zipo, nazo hutofautiana kwa makundi ya bakteria. Uingereza ilianza kutoa chanjo ya kundi C mwaka 1999 na ya kundi B mwaka 2015.

Kigutu ni kiungo kinachohitaji malezi

Baada ya mguu kukatwa, sehemu inayobaki huitwa kigutu. Wagonjwa wengi, na hata baadhi ya wahudumu, hukiona kigutu kama masalia ya kile kilichopotea. Kwa mtaalamu wa viungo bandia, kigutu ndicho kiungo kipya cha kusimamia. Kikiwa na umbo jema, ngozi imara na goti linalonyooka, mgonjwa atatembea. Kikiachwa, mguu bandia bora kuliko yote hautamsaidia.

Malezi hayo huanza wodini. Bendeji hufungwa kwa kukazwa zaidi nchani na kulegezwa kuelekea gotini, ili uvimbe upungue na kigutu kipate umbo linalofaa. Mgonjwa hatakiwi kuwekewa mto chini ya goti, ingawa humpa raha, kwa kuwa goti linaweza kukakamaa likiwa limekunjwa. Mazoezi ya kulinyoosha huanza mapema. Maumivu yanayosikika katika mguu ambao haupo tena ni ya kweli, hutoka katika mfumo wa fahamu, na mgonjwa aambiwe hivyo ili asidhani kwamba amerukwa na akili au amerogwa.

Kwa mtoto kuna jambo la ziada: anakua. Mfupa uliokatwa unaweza kurefuka kuliko ngozi inayoufunika, ukachoma kwa ndani na kuhitaji upasuaji mwingine. Mguu bandia uliomfaa mwaka jana humbana mwaka huu. Mzazi anayepewa mguu bandia wa mtoto wake akadhani kazi imekwisha, amepewa maelezo nusu. Mtoto aliyekatwa mguu akiwa na miaka 5 atarudi katika karakana ya viungo bandia mara nyingi kabla ya kuwa mtu mzima.

Swali lililopata jibu

Katika mojawapo ya safari hizo ndipo maisha ya Peacock yalipopata mwelekeo mwingine. Akiwa katika hospitali iliyokuwa ikimtengenezea mguu bandia, aliulizia michezo ya watu wenye ulemavu. Alielekezwa kwenye siku maalumu ya kutafuta vipaji vya michezo ya Paralimpiki. Huko ndiko alikotambuliwa kuwa na kipaji cha mbio fupi.

Tukio hilo ni dogo kiasi kwamba halina hata picha. Hakuna upasuaji mpya uliofanyika wala dawa iliyoandikwa. Mtu aliuliza, na mahali alipouliza palikuwa na jibu. Kama angeambiwa kwamba hospitali hushughulika na miguu tu, au kwamba ashukuru kuweza kutembea, pengine mbio zake za kwanza zisingekuwapo.

Kwa wahudumu wa afya, hapa ndipo penye kiini cha somo. Mgonjwa aliyekatwa kiungo huuliza maswali mawili. La kwanza ni la mwili: je, nitapona? La pili huja baadaye, mara nyingi kwa sauti ya chini: je, sasa nitakuwa mtu wa namna gani? Huduma nyingi zimejiandaa kulijibu la kwanza. La pili huachiwa familia, majirani na bahati.

Miaka ya ubingwa

Peacock alipanda kwa kasi. Katikati ya mwaka 2012, huko Indianapolis, Marekani, alikimbia mita 100 kwa sekunde 10.85 na kuweka rekodi ya dunia ya daraja la T44, ambalo wakati huo lilikuwa na wakimbiaji waliokatwa mguu mmoja chini ya goti. Miezi miwili baadaye alishinda London. Mwaka 2013 alitwaa ubingwa wa dunia mjini Lyon, Ufaransa. Katika Michezo ya Rio de Janeiro ya mwaka 2016 aliutetea ubingwa wake wa Paralimpiki kwa sekunde 10.81, na mwaka 2017 akashinda tena Mashindano ya Dunia yaliyofanyika katika uwanja uleule wa London, safari hii kwa sekunde 10.75.

Mguu anaokimbilia si ule anaotembelea. Mguu wa kukimbilia hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni, umepinda mfano wa herufi J, na hauna kisigino. Asili yake ni kazi ya Mmarekani Van Phillips, ambaye mwenyewe alipoteza mguu mwaka 1976 na hakuridhika na miguu mizito ya wakati wake. Mkimbiaji anapokanyaga, kaboni hujikunja na kutunza nguvu. Anaponyanyuka, hujinyoosha na kuirudisha sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Lakini haizalishi nguvu yake yenyewe. Kazi ambayo misuli ya ndama na kifundo cha mguu ingeifanya hubebwa na paja, nyonga na kiuno. Kwa hiyo wanaodhani kwamba mguu huo hukimbia wenyewe wanasahau miaka ya mazoezi iliyo juu yake.

Mwaka 2018 madaraja ya mashindano yalipangwa upya. Wanaokimbia kwa mguu bandia mmoja ulio chini ya goti waliwekwa T64, na wenye miguu bandia miwili ya namna hiyo T62. Katika Michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, madaraja hayo mawili yalikimbia pamoja. Felix Streng wa Ujerumani alishinda kwa sekunde 10.76, na Sherman Guity wa Costa Rica akawa wa pili kwa 10.78. Peacock na Johannes Floors wa Ujerumani walivuka mstari kwa 10.79, waamuzi wakashindwa kuwatenganisha, na wote wawili wakapewa nishani ya shaba. Mjini Paris, mwaka 2024, Peacock alimaliza wa tano. Alikuwa na miaka 31, na bado alikuwa fainali.

Bingwa na ngozi yake

Katika orodha hiyo ya ushindi kuna pengo lenye mafunzo. Mwaka 2015 Peacock hakushiriki Mashindano ya Dunia ya Doha, na sababu ilikuwa tatizo la ngozi ya kigutu chake. Bingwa wa Paralimpiki, mwenye makocha, madaktari na mafundi karibu naye, alisimamishwa na ngozi.

Jambo hilo halipaswi kumshangaza anayefahamu kazi ya kigutu. Ngozi ya unyayo imeumbwa kubeba uzito. Ngozi ya muundi haikuumbwa hivyo. Ndani ya soketi, yaani sehemu ya mguu bandia inayokipokea kigutu, ngozi hubanwa, husuguliwa na kuloa jasho kila hatua. Kigutu nacho hubadilika ukubwa: huvimba kwa joto, hupungua mwili unapokonda, na hutofautiana asubuhi na jioni. Soketi iliyokaa vizuri mwezi huu inaweza kuumiza mwezi ujao.

Yanayomlinda bingwa ndiyo yanayomlinda mkulima, dereva na mwanafunzi. Kigutu kioshwe kila jioni kwa maji na sabuni isiyo kali, kikaushwe vizuri, na kikaguliwe chote, upande wa nyuma kwa kutumia kioo. Soksi ya kigutu ibadilishwe kila siku, na mara nyingi zaidi wakati wa joto. Mguu bandia mpya uvaliwe kwa muda mfupi mwanzoni, kisha muda uongezwe kidogo kidogo. Wekundu au weusi usiofifia dakika 10 baada ya kuvua mguu bandia ni onyo. Malengelenge, kidonda au usaha ni amri ya kuuvua na kwenda kliniki. Kujaza pamba au vitambaa ndani ya soketi ili kuvumilia maumivu huficha kosa la vipimo na kukuza kidonda.

Mwenye kisukari anahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ganzi humnyima onyo la maumivu. Yeye hutegemea macho yake au ya ndugu yake. Mguu uliobaki nao ukaguliwe kila siku, kwani ndio unaobeba mzigo mkubwa.

Mfano ulio karibu

Elimu hii haihusu Uingereza peke yake. Mkenya Henry Wanyoike alipoteza karibu uwezo wake wote wa kuona mwaka 1995, akiwa bado kijana, baada ya kupatwa na kiharusi. Mtu aliyekuwa akikimbia tangu utotoni alijikuta akihitaji kushikwa mkono kwenda nje. Mradi wa huduma za uoni hafifu wa Hospitali ya Kikuyu ndio uliomfungulia njia ya kwenda katika chuo cha ufundi cha wasioona huko Machakos, ambako alijifunza kufuma na kuishi upya. Mwaka 2000, mjini Sydney, alishinda mbio za mita 5,000 za Paralimpiki kwa wasioona, akimaliza huku akimvuta mwongozaji wake aliyekuwa ameishiwa nguvu kwa ugonjwa. Mwaka 2004, mjini Athens, alishinda mita 5,000 na mita 10,000.

Wanyoike ni mkimbiaji wa masafa marefu na Peacock ni wa mbio fupi. Mmoja alipoteza macho na mwingine mguu. Kinachowaunganisha ni kwamba katika kila maisha palikuwa na mlango wa huduma ya afya uliofunguka kuelekea nje ya hospitali.

Wajibu wa kila upande

Si kila aliyekatwa mguu atakuwa mkimbiaji, na si haki kumpimia mgonjwa maisha yake kwa nishani za mtu mwingine. Kwa mmoja, ushindi ni kurudi sokoni. Kwa mwingine, ni kusimama msikitini au kanisani na wenzake. Kwa mtoto, ni kucheza mpira wakati wa mapumziko badala ya kulinda mabegi. Mhudumu anayempa mgonjwa mfano wa bingwa, kisha asimwonyeshe hatua inayofuata, amempa mzigo badala ya msaada.

Hatua hiyo si lazima iwe ya gharama. Kila wodi ya upasuaji inaweza kuwa na karatasi moja ukutani yenye majina ya kliniki ya viungo bandia iliyo karibu, shule zinazopokea watoto wenye ulemavu, vyuo vya ufundi, vyama vya watu wenye ulemavu na vikundi vya michezo. Utaalamu wa kutengeneza viungo bandia unafundishwa katika ukanda huu: chuo cha TATCOT, kilicho Moshi katika eneo la Hospitali ya KCMC, kimekuwa kikiandaa mafundi hao tangu mwaka 1981. Rufaa ya kwenda kwa fundi iandikwe kabla mgonjwa hajaruhusiwa kurudi nyumbani, kwa sababu anayeondoka bila rufaa mara nyingi hurudi goti likiwa limekwisha kukakamaa.

Mgonjwa na familia yake nao wana sehemu yao. Waulize: bendeji hufungwaje? Mazoezi yafanywe mara ngapi kwa siku? Mguu bandia hupatikana wapi, nao hurekebishwa wapi ukivunjika? Mtoto arudi shule lini? Kuuliza si kumsumbua daktari. Mtoto asifichwe ndani kwa huruma, wala asifanyiwe kila kitu ambacho anaweza kujifanyia mwenyewe.

Mwisho wa ziara ya kliniki, kidonda kinapokuwa kimefunga na nyuzi zimetolewa, mhudumu huwa amekwisha kuandika neno "amepona" kwenye faili. Kabla ya kulifunga faili hilo, yapo maswali mawili ya kumwuliza aliyeketi mbele yake: alikuwa akipenda kufanya nini kabla ya kuugua, na angependa kufanya nini sasa? Majibu yaandikwe kwenye faili lilelile, na pembeni yake liandikwe jina la mahali pa kumwelekeza.